Madaftari ya Waliosema Watarudi

Sogeeni, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi. Tayari? Haya. Mvua inanyesha.

Inanyesha Tukuyu. Mvua ya Tukuyu haipigi hodi. Inanyesha asubuhi, inanyesha mchana, inapumzika kidogo, inakumbuka, inanyesha tena. Cha, cha, cha, juu ya bati.

Chini ya bati hilo anaishi Tusekile. Ana miaka sita. Ana pengo moja mbele, na ulimi wake unapenda kuchungulia hapo.

Tusekile anaishi na Bibi, na kaka yake, Gwamaka.

Kaka Gwamaka amesoma mpaka madarasa yakamwishia. Siku ya kumaliza chuo walimvika kofia nyeusi, bapa kama sinia. Akapigwa picha. Kisha wakaichukua kofia yao.

Kazi je? Kazi hawakumpa.

Basi Kaka akaandika barua za kuomba kazi. Akaandika. Akaandika. Akaandika mpaka nakala zikajaa chini ya kitanda.

Kila ofisi ilimwambia neno lilelile. "Tutakupigia."

Simu ya Kaka ikakaa mezani. Kimya. Kimyaaa. Hata nzi akatua juu yake, akalala.

Siku moja Kaka akazivuta zile nakala zote. Akazichana. Chwa, chwa, chwa! Akaziloweka kwenye ndoo. Akazitwanga kwenye kinu cha Bibi. Twa, twa, twa!

"Unatwanga nini, Kaka?" akauliza Tusekile.

"Natwanga adabu," akasema Kaka. "Natwanga 'Mheshimiwa Mkurugenzi'. Natwanga 'Natumaini ombi langu litakubaliwa'. Lete maji."

Barua zikawa uji mzito. Kaka akautandaza uji juu ya wavu wa dirisha. Ukikauka, unakuwa karatasi mpya. Lakini karatasi hutaka jua, na jua la Tukuyu lina mambo yake mengi. Linatoka, linachungulia, linarudi ndani.

Kwa hiyo mwezi mzima wa kutwanga ukatoa madaftari matano tu.

Kaka aliyashona kwa uzi. Akayavika magamba ya mgomba mkavu. Juu ya kila gamba akachora picha. Moja la jogoo. Moja la chura. Moja la birika. Moja la mwezi. Na moja la Bibi akipiga chafya.

"Mimi sipigi chafya hivyo," akasema Bibi. Halafu akapiga. Haaa-tshia! Vilevile kabisa.

Ijumaa jioni Kaka akasema, "Bibi, kesho kuna gulio la kazi za mikono. Nisipouza hata daftari moja, Jumatatu napanda basi. Naenda Dar kubeba zege."

"Dar una nani?" akauliza Bibi.

"Nina zege."

Moyo wa Tusekile ukafanya ndu! Kaka akienda, nani atamsindikiza chooni kukiwa na giza? Nani atasimama nje na kupiga mluzi, ili ajue hayuko peke yake?

Daftari moja tu, akawaza Tusekile. Moja tu liuzwe.

*

Jumamosi gulio likajaa. Uwanja wa mpira wote ulikuwa mabanda. Kulikuwa na vikapu. Kulikuwa na vyungu. Kulikuwa na hereni za shanga, na moshi wa chipsi, na spika kubwa nyeusi.

"Haloo, haloo," ikasema spika. "Moja, mbili. Moja, mbili." Tatu haikuijua.

Kaka akapanga madaftari matano mezani. Tusekile akakaa kwenye kigoda. Akangoja.

Akaja mama wa miwani myeusi. Mvua inanyesha, yeye na miwani ya jua.

Akashika daftari la jogoo. Akafungua. Akanusa.

"Waoo! Jamani, so nais! Umetengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama. Elfu saba tu."

"Amezing! Ngoja nizunguke kidogo. Nitarudi."

Akaenda.

Akaja baba wa mwavuli. Akashika daftari la chura. Akafungua. Akanusa.

"Mbona ndani hamna kitu?"

"La kuandikia, mzee," akasema Kaka. "Utaandika wewe."

"Elfu saba, halafu niandike mwenyewe!" Akatikisa kichwa. Akatikisa na mwavuli. Matone yakamrukia Tusekile, pwa, pwa! "Haya. Nitarudi."

Akaenda.

Akaja dada wa kucha ndefu. Akashika la birika. Akafungua. Akanusa. Akalibana shavuni, akabinua midomo, akajipiga picha. Kacha! Akairusha picha mtandaoni palepale.

"Nitarudi, bro," akasema.

Akaenda.

Wakaja wachumba wawili, wameshikana mikono. Wakashika daftari la mwezi.

"Unalipenda?"

"Nalipenda kama unalipenda."

"Mimi nalipenda kama wewe unalipenda."

"Basi mliache linipende mimi," akanong'ona Kaka. Hawakumsikia.

"Tutarudi," wakasema kwa pamoja.

Wakaenda.

Mwishowe akaja mgeni rasmi. Mgeni rasmi alivaa suti. Nyuma yake kulikuwa na katibu mwembamba, na nyuma ya katibu kulikuwa na watu wa kupiga makofi.

"Kijana! Umemaliza chuo?"

"Nimemaliza, mheshimiwa."

"Safi! Umejiajiri! Hawa ndio vijana tunaowataka!"

Pa, pa, pa! wakapiga makofi wale wa makofi.

Mgeni rasmi akashika daftari la Bibi. Akafungua. Akanusa.

"Nitarudi kukuungisha," akasema. "Nakuahidi."

Akaenda. Katibu akaenda. Makofi yakaenda.

"Wa tano," akasema Kaka. Akayapanguza madaftari. Hakuna aliyenunua, ila alama za vidole vyao vyote waliziacha.

Lakini Tusekile alikuwa anahesabu kwa vidole vyake. Mama wa miwani atarudi, moja. Baba wa mwavuli atarudi, mbili. Dada wa kucha, tatu. Wachumba kwa pamoja, nne. Mgeni rasmi, tano.

Watu watano watarudi! Na madaftari ni matano! Jamani, hesabu imekubali!

*

Ndipo akaja mtu wa kamati ya gulio, na beji kifuani.

"Wewe kijana mwenye nguvu! Njoo ubebe viti vya mgeni rasmi."

"Mimi nauza."

"Unauza nini? Sioni mtu hapa. Njoo!"

Kaka akashusha pumzi. "Linda meza, Tuse. Akija mtu, muuzie. Nakuja."

Tusekile akabaki peke yake. Akatazama madaftari. Akapata wazo baya. Ila mawazo mabaya, yakija, huja yamevaa vizuri.

Je, mama wa miwani akirudi, akute jogoo wake amechukuliwa na mtu mwingine? Atalia!

Basi Tusekile akachukua la jogoo. Akaliweka kikapuni, chini ya meza. "Hili la mama wa miwani."

Akachukua la chura. "Hili la baba wa mwavuli."

La birika, la dada wa kucha. La mwezi, la wachumba. La Bibi, la mgeni rasmi.

Akafunika kikapu kwa khanga. Meza ikabaki nyeupe. Tusekile akatabasamu, ulimi ukachungulia.

Mara, chapa, chapa, chapa! Akaja nesi anakimbia kwenye matope. Koti la mvua juu, gauni jeupe chini. Pesa mkononi.

"Hujambo, mtoto? Yako wapi yale madaftari ya mkono? Nimeona picha kwenye simu. Nayataka matatu!"

"Yana wenyewe," akasema Tusekile.

"Yote?"

"Yote."

"Hata moja halikubaki?"

"Hata moja."

"Loo! Basi mmeuza kweli. Hongereni!" Nesi akarudisha pesa mfukoni. Akapanda bodaboda. Bruuum! Akapotea nyuma ya mvua.

Tusekile akampungia mkono.

Kaka akarudi. Mabega yamelowa, viatu vimejaa tope. Akaiona meza tupu. Macho yakamtoka.

"Tuse! Umeuza?"

"Nimeweka!"

"Umeweka?"

"Kwenye kikapu. Ili wenyewe wakirudi wasikose. Hata nesi alitaka matatu, na pesa alikuwa nayo, nikamwambia yana wenyewe. Akasema hongereni."

Kaka hakugomba. Heri angegomba. Alikaa chini, kwenye matope, na suruali yake ya pekee.

Cha, cha, cha, ikasema mvua.

"Tuse," akasema Kaka. "'Nitarudi' ni namna ya kusema."

"Namna ya kusema nini?"

"Kusema sinunui."

"Si waseme tu, sinunui?"

"Wanaona haya."

"Kwa hiyo hawarudi?"

"Hawarudi."

"Hata yule wa suti? Aliahidi."

Kaka akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, kama kijiti kinavunjika. "Yule ndiyo kabisa."

Tusekile akafikiri sana. "Ni kama 'tutakupigia'?"

Kaka akainamisha kichwa. "Ni kama 'tutakupigia'."

Akasimama. Akaanza kukunja kitambaa cha meza, ingawa gulio lilikuwa bado. "Basi. Jumatatu," akasema. Hakumwambia mtu. Aliiambia mvua.

Machozi yakamjaa Tusekile. Yakafika mpaka kwenye pengo, yana chumvi. Akayameza.

Akachukua kikapu.

"Kama hawarudi," akasema, "nitawafuata."

*

Akamkuta mama wa miwani kwenye banda la chipsi.

"Shikamoo. Nimekuletea lako. Ulisema utarudi."

"Marahaba, mrembo! Aah, nilisema tu." Akatia chipsi mdomoni.

Moja.

Akamwona baba wa mwavuli. Baba wa mwavuli naye akamwona. Akateremsha mwavuli mpaka kifuani.

"Shikamoo, mzee. Nimekuletea lako."

"Mimi siye," ukasema mwavuli.

"Viatu vyako nimevijua."

Viatu vikageuka, vikaondoka upesi upesi.

Mbili.

Dada wa kucha hakuwepo. Alishaondoka, na picha yake. Tatu.

Wachumba walikuwepo, lakini hawakuwa wameshikana mikono.

"Wewe ndiye hukulipenda!"

"Mimi? Wewe ndiye ulinitazama vile!"

Mmoja akaenda huku, mwingine kule. Tusekile akabaki katikati, na daftari la mwezi mkononi. Nne.

Mvua ikazidi. Miguu ikawa mizito. Kikapu kikawa kizito, na hakuna hata kitu kimoja kilichoongezeka ndani. Tusekile akasimama, akatamani kukaa kwenye tope kama Kaka.

Ndipo spika ikanguruma.

"VIJANA!"

Alikuwa mgeni rasmi. Amekaa meza kuu, juu ya jukwaa, chini ya turubai, pakavu. Mbele yake kulikuwa na maji ya chupa, na maua ya plastiki.

"VIJANA! NIMETEMBELEA MABANDA! NIMEONA! NIMEGUSWA!"

Pa, pa, pa!

"MSILALAMIKE! FURSA ZIKO CHINI YA MIGUU YENU!"

Tusekile akainua mguu. Akachungulia chini. Tope. Akainua na wa pili. Tope.

Basi akaenda. Akapita chini ya kamba. Akapita kati ya viti, akapanda jukwaani. Akapita chini ya kitambaa cha meza kuu, akaibukia upande wa pili. Akavuta suti.

"Shikamoo," akasema Tusekile.

"MARAHABA!" ikajibu spika, uwanja mzima. Watu wakageuka.

"Nimekuletea daftari lako. Ulisema utarudi, hukurudi."

Kipaza sauti kilikuwa karibu sana. Kila neno likaruka juu ya mabanda. HUKURUDI, RUDI, RUDI.

"AAH, MTOTO, TUTAONGEA BAADAYE..."

"Baadaye nayo ni namna ya kusema?" akauliza Tusekile. Aliuliza kwa kutaka kujua tu.

Muuza vyungu akaangua kicheko. Muuza vikapu akamfinya anyamaze, akaangua na yeye.

"Hivi viti Kaka amebeba," akasema Tusekile. "Mabega yamelowa. Asipouza hata moja, Jumatatu anakwenda Dar kubeba zege. Na nesi nilimfukuza mimi. Nilikuwa nakuwekea wewe."

Hapo hakuna aliyecheka. Hata wale wa makofi wakaweka mikono mapajani.

Kisha mama mmoja, mnene, muuza vyungu yuleyule, akasimama. Akaweka mikono kiunoni.

"Mnunulie, mheshimiwa!"

"Mnunulie!" akasema muuza vikapu.

"Mnu-nu-li-e! Mnu-nu-li-e!" ukasema uwanja.

Mgeni rasmi akatabasamu kwa shida. Akapapasa mfuko wa kulia. Hamna. Akapapasa wa kushoto. Hamna. Akapapasa wa ndani. Leso.

Akamtazama katibu. Katibu akatazama juu, kana kwamba turubai limeandikwa kitu.

"Katibu," akasema mgeni rasmi.

Katibu akatoa pesa yake. Aliitoa polepole, kama mtu anayetolewa jino.

Tusekile akaipokea kwa mikono miwili. "Ndaga," akasema, kama Bibi alivyomfundisha kushukuru. Akampa mgeni rasmi daftari lake.

"HUYU NI NANI?" akauliza mgeni rasmi.

"Bibi. Anapiga chafya."

Akateremka. Chini ya jukwaa mtu alikuwa anamngoja. Alikuwa mama wa miwani, ila miwani ameivua. Kumbe alikuwa na macho ya kawaida tu, yenye haya.

Hakusema waoo. Hakusema amezing.

"Nipe jogoo wangu," akasema. Akalipa.

Mwingine hakuja. Tusekile alingoja. Alingoja tena. Mwavuli mmoja ulionekana mbali, unatoka getini haraka.

*

Kaka alikuwa amesimama kando, na kitambaa cha meza begani, kinachuruzika maji. Alikuwa amesikia. Nani hakusikia?

"Mawili," akasema Tusekile. Akampa pesa.

"Mawili," akasema Kaka.

Hakuruka. Hakupiga kelele. Mwezi mzima wa kutwanga, na watatu hawakurudi, na nesi amekwenda zake. Akampandisha Tusekile mgongoni, akashika kikapu, wakatembea. Chapa, chapa, chapa, mpaka nyumbani.

Usiku Bibi alikuwa tayari anakoroma. Tusekile alikuwa ndani ya blanketi, pua tu nje. Kaka akaja kumfunika miguu.

"Kaka."

"Sema, Tuse."

"Jumatatu unapanda basi?"

"Sipandi. Nilisema hata moja. Yameuzwa mawili."

"Utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Tusekile akatoa kichwa chote nje. Akamtazama vizuri. "Ni namna ya kusema?"

Kaka akakaa kitandani. Alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayepima unga usizidi kibaba.

"Hapana," akasema. "Jumatatu nitakuwepo. Mpaka gulio lijalo nitakuwepo. Baada ya hapo, Tuse, sijui."

Hakuongeza kitu.

Na kwa kuwa hakuongeza kitu, Tusekile akamwamini. Akafumba jicho moja. Akafumba la pili.

Akalala. Fuuu. Fuuu. Na ninyi mlioko hapo, lalani.